UMEME HAUJUI SHEFU WALA KIBARUA



Katika karatasi hii tunasema sana juu ya mishahara, juu ya nyumba za kambi, juu ya shule za watoto wetu. Ni vizuri, na tutaendelea kusema. Lakini leo sisi makarani wa mine tunataka kuleta neno lingine, neno ambalo wakubwa wanalitaja kwa sauti ndogo na wafanyakazi wanalitaja kilioni tu. Ni neno juu ya umeme unaoua watu kazini, na juu ya mafundisho ambayo watu hao hawakupewa.

Maoni yetu ni haya. Mtu asitumwe kufanya kazi karibu na umeme kabla ya kufundishwa. Afundishwe kwa lugha anayoisikia. Afundishwe katika saa za kazi zinazolipwa. Na akiisha kufundishwa, apewe karatasi inayosema wazi anaruhusiwa kufanya nini na anakatazwa nini. Hatuombi zawadi. Mtu anayetoa jasho lake kwa kampuni hana deni la kuongeza na roho yake.

Inatupasa kwanza kukumbuka kwamba nchi yetu ya Katanga na umeme ni kama mtu na kivuli chake. Shaba haipatikani bila umeme. Ndiyo sababu Union Minière, iliyoundwa mwaka wa 1906, haikukaa siku nyingi bila kutafuta maporomoko ya maji. Mwaka wa 1930 mashini za Mwadingusha zilianza kugeuka juu ya mto Lufira. Katika miaka ya 1950 zikaja Nzilo na Nseke juu ya Lualaba. Baada ya uhuru ikaja Inga, ya kwanza mwaka wa 1972 na ya pili mwaka wa 1982. Kutoka Inga mpaka Kolwezi ikavutwa njia ya umeme ya kilometa karibu 1,700, ikipita juu ya vijiji ambavyo usiku huwasha kibatari. Hata leo, katika Kongo nzima, kati ya watu 5 ni karibu mtu 1 tu aliye na umeme nyumbani.

Angalieni basi namna mambo yalivyo. Umeme mkubwa kabisa unapita juu ya vichwa vya watu ambao wengi wao hawakukua nao. Kijana anatoka kijijini, hajawahi kuzima wala kuwasha taa ya ukutani, na juma la pili anapewa kazi ya kuvuta kable nyeusi yenye volt elfu nyingi ndani ya kariere. Je, huyo ni mjinga? Hapana. Huyo ni mtu ambaye hakuambiwa. Ujinga ni wa yule anayejua, naye akanyamaza.

Wakati wa wakoloni mambo haya yalikuwa na mpango wake. Mara nyingi ufunguo wa kabine ulikaa mfukoni mwa mzungu, na Mwafrika alipewa kubeba nguzo, kuchimba shimo la nguzo, na kufagia mbele ya mlango. Mlangoni palichorwa kichwa cha mtu aliyekufa na mifupa miwili, basi, somo likaisha. Mtu aliambiwa «usiguse». Hakuambiwa sababu gani. Lakini amri isiyo na sababu ni kama nguzo isiyo na shimo: siku ya upepo inaanguka. Tarehe 30 Juni 1960 tulipata bendera. Ufunguo wa kabine tuliupata pia. Lakini maarifa yanayofuatana na ufunguo, je, tumempa kila mtu anayeyahitaji? Sisi tunasema: bado.

Sasa tuseme umeme unafanya nini ndani ya mwili, kwa sababu wengi wanafikiri hatari iko katika volt elfu tu. Tuliosoma sekondari kwa mapadri na masista tulifundishwa kanuni ya Ohm kwa Kifaransa, tukaiimba kama katekisimu, tukapata pointi, tukaisahau. Inafaa kuirudia hapa kwa Kiswahili, kwa maana ni kanuni ya uzima na ya kufa. Nguvu ya volt ukiigawanya kwa ukinzani wa kitu, unapata mwendo wa umeme unaopita ndani yake, nao unapimwa kwa ampea. Mwili wa mtu uliolowa jasho au maji una ukinzani wa ohm 1,000 hivi. Weka mwili huo juu ya waya ya nyumbani ya volt 220: zitapita milampea 220.

Ni nyingi au ni kidogo? Hesabuni wenyewe. Kwa milampea 1 mtu anaanza kusikia kama siafu anamuuma. Kwa milampea 10 vidole vinajifunga, mtu hawezi tena kuachilia waya aliyoishika. Kwa milampea 30 pumzi inaweza kufungwa. Zikipita hapo, moyo unaweza kuacha kupiga sawasawa na kuanza kutetemeka tu, na moyo unaotetemeka hausukumi damu. Taa ndogo ya wati 60 inakula milampea 270 hivi. Ndiyo kusema umeme unaotosha kuwasha taa moja tu ni mara 9 ya ule unaoweza kufunga pumzi ya mtu. Nani basi atasema tena, «Hii ni 220 tu»?

Katika mine na uzine hatari hizo ziko kila fasi, na kila fasi ina ujanja wake.

Twende kwenye electrolyse, fasi shaba inapozaliwa, kama kule Shituru katika Likasi au Luilu katika Kolwezi. Mtu ataambiwa: kila chungu kina volt 2 tu, hata mtoto anaweza kushika. Ni kweli kwa chungu kimoja. Lakini vyungu vimefungwa kimoja nyuma ya kingine. Vikifuatana 100, kati ya cha kwanza na cha mwisho kuna volt 200, na sakafu imelowa maji ya asidi, na botini za mtu zimetoboka. Aliyesikia somo la chungu kimoja bila kusikia somo la vyungu 100 amefundishwa nusu, na nusu hiyo inaweza kumuua.

Twende chini ya ardhi, fasi pompa zinapovuta maji mchana na usiku. Pompa haikubali kupumzika, kwa sababu maji hayapumziki. Ndiyo sababu shefu anataka itengenezwe upesi, na fundi anafungua sanduku lake mguu ukiwa katika maji. Twende ndani ya tanki la chuma, fasi mtu wa kuchomelea anaingia na taa ya mkono. Taa ile ingepaswa kuwa ya volt 24, maana ndani ya chuma kilicholowa mtu amezungukwa pande zote na njia ya kufa. Mara ngapi tumeona taa ya 220 ikiingizwa humo kwa sababu ile ya 24 haikupatikana katika magazini?

Twende barabarani. Kamio inamwaga udongo, sanduku lake linapanda, linagusa waya za juu. Dereva akikaa ndani ya kabini ana nafasi kubwa ya kuishi. Akishuka kama kawaida, mguu mmoja chini na mkono mmoja juu ya mlango, amejifanya mwenyewe kuwa waya. Kama moto unamlazimisha kutoka, aruke mbali, miguu miwili pamoja, kisha aende kwa kuburuta nyayo kidogo kidogo. Sababu gani? Kwa sababu umeme unapoingia katika udongo, nguvu yake si sawa kila fasi. Hatua ndefu inaweka mguu mmoja penye nguvu nyingi na mwingine penye nguvu kidogo, na umeme unapita kati ya miguu. Somo hilo linachukua dakika 10. Ni madereva wangapi walilipewa?

Na mambo haya si ya kazini tu. Tarehe 2 Februari 2022, katika soko la Matadi-Kibala kule Kinshasa, waya ya umeme mkubwa ilikatika, ikaanguka penye maji ya mvua. Watu 26 walikufa, wengi wao akina mama waliokuja kuuza chakula. Mfanyakazi aliyefundishwa vizuri anarudi nyumbani na somo lake. Anawaambia mke wake na watoto na majirani: waya iliyoanguka msiikaribie, hata kama imelala kimya kama kamba. Hivyo kampuni inayofundisha watu wake inafundisha site nzima.

Sasa tuseme namna watu wanavyofundishwa leo, maana wakubwa watatujibu: «Tunafundisha! Tazameni makaratasi.» Makaratasi hayo tunayajua, wandugu. Ni sisi tunaoyapanga. Katika kampuni moja tuliyoifanyia kazi, watu wapya walikusanywa katika chumba kimoja, wakasomewa maagizo kwa Kifaransa, na picha zenye maneno ya Kichina na ya Kiingereza zikapita ukutani. Baada ya nusu saa karatasi ilizungushwa, kila mtu akatia sahihi, na wasiojua kuandika wakaweka kidole gumba. Kesho yake tuliuliza mmoja alisikia nini. Akajibu kwa heshima: «Karani, walisema tuvae kofia.» Karatasi ile imekaa katika dosie mpaka leo. Siku ya hatari itatolewa, na kidole cha yule mtu kitashuhudia kwamba kosa ni lake. Hayo si mafundisho. Ni kinga ya kampuni iliyopakwa rangi ya mafundisho.

Mafundisho ya kweli yanafanana na nini? Hayana siri. Mafundi wa umeme wa nchi nyingi wanashika kanuni tano, nasi tunazitaja hapa ili kila msomaji azikate kutoka karatasi hii na kuzibandika. Ya kwanza: kata umeme kutoka kila upande unakoweza kuja. Ya pili: funga mahali ulipokatwa kwa kadena, na ufunguo ukae mfukoni mwa yule anayefanya kazi, si kwa shefu, si mezani. Ya tatu: pima kama umeme umeondoka kweli; jaribu kipimo chako kwanza penye umeme, kisha penye kazi, kisha penye umeme tena, maana kipimo kilichokufa kinasema uongo. Ya nne: unganisha waya zote pamoja na ardhi. Ya tano: zungushia kamba na alama, watu wajue mpaka.

Msomaji anaweza kuuliza: kama umeme umekatwa, ya nne inafaa nini? Inafaa sana kwetu sisi watu wa delestaji. Umeme wa mji ukikatika, kila mwenye mali anawasha grupe yake. Grupe moja iliyofungwa vibaya inarudisha umeme katika waya, inapita transfo kinyumenyume, na waya iliyokuwa imekufa inafufuka mkononi mwa fundi aliye juu ya nguzo. Fundi aliyeunganisha waya na ardhi anapona. Fundi aliyetegemea delestaji analetwa chini na kamba.

Tena, si watu wote wanaohitaji somo moja. Wabelgiji wana cheo cha BA4 kwa mtu aliyeonywa vya kutosha kuepuka hatari, na BA5 kwa mtu mwenye ujuzi wake mwenyewe. Wafaransa nao wana karatasi yao ya ruhusa, yenye herufi B kwa umeme mdogo na H kwa umeme mkubwa. Tunaweza kuandika karatasi yetu: anayefagia kabine, anayebadilisha fyuzi, anayeongoza kazi, kila mtu na mpaka wake. Asiye na karatasi asitumwe. Na akitumwa, awe na haki ya kusema «hapana» bila kufukuzwa.

Hapa tunafika kwenye kidonda chenyewe. Mara nyingi anayekufa si fundi wa umeme. Fundi ana woga wake, alijifunza. Anayekufa ni mwashi aliyegusa waya na ngazi ya chuma, ni mpaka rangi, ni mfagiaji, ni kibarua wa siku aliyeitwa asubuhi mlangoni. Na wengi wa watu hao si wa kampuni kubwa. Ni wa sutretansi. Kampuni kubwa inawafundisha watu wake siku tatu, kisha inaleta watu 40 wa kampuni ndogo ambao hawakufundishwa hata saa moja, na wote wanafanya kazi chini ya waya moja.

Tuseme wazi, hata kama inaumiza. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 iliweka kazi za sutretansi mikononi mwa makampuni ambayo mali yake kubwa ni ya Wakongo. Tuliifurahia sheria hiyo, na tunaifurahia mpaka sasa. Lakini basi, shefu wa kampuni ndogo anayemtuma kibarua bila glavu na bila somo ni nani? Ni ndugu yetu. Tunasali naye, tunakutana naye kwenye matanga. Hapa hatuwezi kusingizia mkoloni. Uhuru ambao unabadilisha uso wa bwana peke yake, na kumwacha mfanyakazi katika giza lilelile, ni uhuru wa nusu.

Tunajua majibu ya wakubwa. Wanasema kwanza: kufundisha kunakula saa za kazi. Tunajibu: mtu mmoja akifa, kazi inasimama siku ngapi? Wanasema pili: wafanyakazi hawasikii. Tunajibu: waambieni kwa Kiswahili, mbele ya mashini yenyewe, kwa mikono, kisha kila mtu arudie mwenyewe. Baba zetu hawakufundisha kuwinda kwa karatasi. Wanasema tatu: wengi hawajui kusoma. Tunajibu: kufunga kadena hakuhitaji kusoma, na umeme wenyewe haumwulizi mtu diploma.

Na sheria ziko. Kode ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inampa mwajiri wajibu juu ya afya na usalama wa watu wake, na inataka kamati ya usalama na usafi mahali pa kazi. Shule ya INPP iko tangu mwaka wa 1964, na waajiri wanailipia mchango. Basi kwa nini watu wasipelekwe huko? Mwaka wa 2022 Shirika la Kazi la Ulimwengu liliweka usalama kazini kati ya haki za msingi za mfanyakazi. Sheria hazipungui. Kinachopungua ni mtu wa kuuliza.

Lakini tusiwaseme wakubwa peke yao. Kuna vijana wetu wanaojisifu kushika waya kwa mkono mtupu, na wenzao wanawapigia makofi. Kuna wezi wanaokata waya ya shaba inayoingia ardhini ili kuiuza kwa kilo. Mwivi anapata pesa ya bia mbili, na mashini inabaki bila kinga. Anayenunua shaba hiyo ananunua roho ya mtu. Na kuna neno lingine. Mtu akifa kwa umeme, nyumbani wanauliza: nani alimloga? Shangazi mzee anatupiwa macho, jamaa inavunjika. Sisi tunasema: kabla ya kumtafuta mchawi, ulizeni nani alikuwa na ufunguo wa kabine. Ulizeni waya ilipimwa au haikupimwa. Mpaka swali hilo liulizwe msibani, kampuni italala usingizi mzuri.

Kwa hiyo tunadai mambo haya:

1. Kila mtu anayeingia mine au uzine, wa kampuni, wa sutretansi na wa siku, afundishwe hatari za umeme kabla ya kuanza kazi, kwa Kiswahili au lugha anayoijua, na saa hizo zilipwe.

2. Kila fundi awe na kadena yake yenye jina lake, na ufunguo wake mmoja.

3. Watu wote wafundishwe kumsaidia aliyepigwa: kukata umeme kwanza, kutomgusa kabla ya hapo, kisha kama hapumui kumkandamiza kifua kwa nguvu katikati, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, mpaka msaada ufike. Kumwagia maji hakusaidii kitu. Ubongo hauvumilii dakika nyingi bila damu.

4. Somo lirudiwe kila mwaka, na kila mara mashini mpya inapoletwa.

5. Kila tukio, hata lile ambalo mtu alitetemeshwa tu akapona, liandikwe katika kitabu, na wajumbe wa wafanyakazi wawe na ruhusa ya kukisoma.

Juu ya jambo hili la tano tunasema na ninyi, makarani wenzetu. Kalamu iko mkononi mwetu. Mtu akiumia, ni sisi tunaoandika karatasi ya CNSS. Tukiandika «aliteleza» pale alipopigwa na umeme, mjane atazunguka ofisi mwaka mzima bila kupata haki yake, na kabine ileile itabaki wazi kumngoja mwingine. Tuandike lililotokea, kwa saa yake na mahali pake, hata kama shefu anakunja uso.

Na ninyi ndugu wa kariere, wa pompa, wa electrolyse, msione haya kuuliza. Kuuliza si ujinga. Shefu akikutuma, mwulize kwa adabu: «Bwana, umeme umekatwa? Nani amefunga? Ufunguo uko wapi?» Maneno matatu tu. Akiwa mtu mwema atakushukuru. Akiwa mbaya, wenzako wote waulize pamoja nawe siku ileile, kwa maana mtu mmoja anafukuzwa, lakini timu nzima haifukuzwi.

Baba zetu walichimba shaba hii bila kujua inakwenda wapi. Sisi tunajua. Inakwenda kutengeneza waya za umeme za dunia nzima. Ni haki basi kwamba anayeitoa ardhini ajue pia namna ya kuishi karibu nayo.

Kazi na maarifa! Umoja wa wafanyakazi!

Makarani wa mine